Kuchangisha mtaji wa biashara binafsi mtandaoni: mwongozo kamili wa sheria, hesabu na utekelezaji

Wengi huanza na video. Hukodi mpiga picha, huandika maelezo ya kuvutia, hufungua ukurasa wa kampeni, na baada ya hapo ndipo huuliza kama sheria inaruhusu na kama fedha zitatosha. Kufikia siku hiyo mambo mawili mazito yameshatangazwa hadharani na hayafutiki kirahisi: ahadi waliyopewa watu, na bei iliyowekwa. Mwongozo huu unaanza na sheria, unakwenda kwenye hesabu, kisha kampeni yenyewe, na mwisho yale yanayokuja fedha zikishaingia. Huko mwishoni ndiko biashara nyingi huumia.

## Amua kwanza unauza nini

Ukurasa wa kampeni unaweza kubeba mkataba wa aina nne, na kila mmoja una sheria zake.

Mchango wa bure ni pale mtu anapotoa bila kutarajia kitu. Biashara ya faida huupata mara chache, na nchi nyingi zinadai kibali au usajili kabla ya kuchangisha umma.

Ununuzi wa mapema ni pale mchangiaji anapolipa leo ili apate bidhaa ikishatengenezwa. Hapa wewe ni muuzaji na yeye ni mnunuzi, hata kama jukwaa, yaani tovuti inayobeba kampeni yako, linayaita malipo yake mchango. Sheria za kumlinda mlaji zinakuhusu. Mwaka 2015 FTC, tume ya Marekani inayosimamia haki za walaji, ilichukua hatua yake ya kwanza ya aina hii dhidi ya mtu aliyechangisha zaidi ya dola 122,000 ili atengeneze mchezo wa mezani, kisha akatumia sehemu kubwa ya fedha hizo kwa mambo yake binafsi, ikiwamo kulipa kodi ya nyumba.

Mkopo ni pale wachangiaji wanapokukopesha kidogokidogo nawe ukawarudishia na riba. Hatari yake ni kwamba kupokea fedha za umma kwa ahadi ya kuzirudisha kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kupokea amana, kazi ambayo karibu kila nchi inairuhusu kwa taasisi zenye leseni tu.

Ya nne ni hisa, au chochote kinachofanana nazo. Sehemu hii ndiyo yenye mitego mingi, kwa sababu watu huiingia bila kujua. Hawasemi "nunua hisa". Wanasema "utapata asilimia fulani ya mauzo kwa miaka mitano" au "sarafu yetu ya kidijitali itapanda thamani biashara ikikua". Kipimo kinachotumika zaidi duniani kilitoka kwenye kesi ya SEC, mdhibiti wa masoko ya mitaji wa Marekani, dhidi ya kampuni ya W. J. Howey, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1946. Kampuni hiyo iliuza vipande vya shamba la michungwa huko Florida pamoja na mkataba wa kuvihudumia. Karatasi zilisema ardhi, mahakama ikasema ni dhamana za uwekezaji, yaani kitu cha kundi moja na hisa, kwa sababu watu waliweka fedha kwenye shughuli ya pamoja wakitarajia faida itokanayo na juhudi za wengine. Nchi nyingine zina tafsiri zao, lakini jiulize kuhusu kila ahadi iliyomo kwenye ukurasa wako: je, mtu anaweka fedha, kwenye shughuli ya pamoja, akitarajia faida, itokanayo na juhudi za wengine? Jibu likiwa ndiyo kwa yote, uko ndani ya sheria za masoko ya mitaji, uliite jambo lako jina lolote.

Usichanganye aina mbili kwenye ukurasa mmoja. Mnunuzi wa mapema anayeongezewa "na sehemu ndogo ya faida" anaweza kuigeuza kampeni nzima kuwa uuzaji wa dhamana za uwekezaji. Kickstarter, jukwaa la Marekani la kuchangisha mtandaoni, kwa mfano, inakataza kabisa kutoa hisa au gawio la faida.

## Kampuni binafsi haiuzi hisa kwa umma, isipokuwa pale sheria inapofungua mlango

Sheria nyingi huitambua kampuni binafsi kwa vizuizi vyake. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inataka katiba ya kampuni binafsi izuie uhamishaji wa hisa, iweke kikomo cha wanachama 50, na ikataze kualika umma kununua hisa. Sheria ya Tanzania ya 2002 ina kikomo hichohicho cha 50, na ya Uganda ya 2012 inafika 100. Uingereza haiweki idadi, lakini kifungu cha 755 cha Sheria ya Kampuni ya 2006 kinaizuia kampuni binafsi kutoa hisa zake kwa umma.

Kwa hiyo tangazo la mtandaoni linalomwalika yeyote anunue hisa zako linaweza kuvunja sheria mbili kwa mpigo: ya kampuni, na ile ya masoko ya mitaji inayodai waraka wa matarajio ulioidhinishwa kabla ya umma kuombwa fedha. Adhabu huweza kuwa faini, mashtaka dhidi ya wakurugenzi wenyewe, na wanunuzi kupata haki ya kurudishiwa fedha zao. Kosa lenyewe huibuka kwa kuchelewa. Mwekezaji mkubwa anakuja, wanasheria wake wanapekua daftari la wanahisa, wanakuta watu 140 walioandikishwa kupitia mitandao ya kijamii, na mazungumzo yanaishia hapo, maana hakuna anayetaka kununua kampuni yenye madai yasiyojulikana ukubwa.

Njia halali zipo. Iliyo wazi zaidi ni kupitia jukwaa lenye leseni, chini ya kanuni zilizotungwa mahususi kwa ajili hiyo. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2012, kanuni zake zikaanza kutumika Mei 2016, na tangu Machi 2021 kampuni inaweza kuchangisha hadi dola milioni 5 kwa miezi 12. Umoja wa Ulaya una Kanuni namba 2020/1503, iliyoanza kutumika Novemba 10, 2021: kikomo ni euro milioni 5 kwa miezi 12, na jukwaa lililopata leseni katika nchi moja mwanachama linaweza kuhudumu katika nyingine. Nigeria ilitoa kanuni zake mwaka 2021, Kenya mwaka 2022. Kabla ya kusaini chochote, ingia kwenye tovuti ya mdhibiti wa masoko ya mitaji, tafuta jina la jukwaa kwenye orodha ya wenye leseni, na hakikisha jina la kampuni iliyoko kwenye mkataba ndilo lililoko kwenye orodha. Nembo iliyobandikwa chini ya ukurasa si uthibitisho.

Kama nchi yako haina kanuni hizo, zimebaki njia tatu. Unaweza kuuza hisa kwa watu wachache unaowajua, bila kutangaza, ndani ya kikomo cha wanachama. Unaweza kuigeuza kampuni kuwa ya umma, na kubeba gharama za ukaguzi na taarifa zinazofuatana nayo. Au unabaki kwenye ununuzi wa mapema. Kwa biashara changa yenye bidhaa inayoshikika, hii ya tatu ndiyo tunayoipendekeza mara nyingi zaidi.

Wengine hushauriwa kumweka mtu mmoja au kampuni moja ashike hisa kwa niaba ya wote, ili daftari lisomeke jina moja. Utaratibu huo ni halali sehemu nyingi na unarahisisha usimamizi. Unachopunguza ni idadi ya majina tu. Mwaliko kwa umma, kama haukuwa na ruhusa, unabaki kuwa kosa.

Kuna na suala la mipaka. Mdhibiti huangalia mnunuzi yuko wapi, si wewe uko wapi tu. Ukurasa unaofunguka duniani kote unaweza kuhesabiwa kuwa umewaalika watu wa nchi usizoziwazia. Weka swali la nchi ya makazi kwenye fomu ya usajili, wazuie wa nchi usizoruhusiwa, na utunze kumbukumbu za majibu hayo.

## Nyaraka za kuandaa kabla ya kugusa kamera

Anza na katiba ya kampuni. Isome kifungu kwa kifungu ukitafuta marufuku ya kualika umma, kikomo cha wanachama, haki ya wanahisa wa sasa kununua hisa mpya kabla ya wengine, na mamlaka ya wakurugenzi kutoa hisa. Kinachokwamisha kibadilishwe kwa azimio maalumu, ambalo sehemu nyingi zenye sheria zinazofanana na za Uingereza huhitaji asilimia 75 ya kura, kisha likasajiliwe kwa msajili wa kampuni. Haki ya wanahisa wa sasa ndiyo inayosahaulika zaidi. Mwanahisa mmoja asiyeulizwa anaweza kupinga utoaji wote wa hisa baadaye.

Hesabu za fedha zinakuja baada ya hapo. Chini ya kanuni za Marekani, anayechangisha kiasi kidogo anaweza kutumia hesabu zilizothibitishwa na mkuu wa kampuni. Kiasi kikipanda, hesabu lazima zipitiwe na mhasibu huru. Kikipanda tena, zikaguliwe kikamilifu. Nyaraka huwasilishwa SEC kwa fomu maalumu, na ofa lazima ikae hadharani kwa siku 21 kabla ya kuuza. Ulaya inadai waraka mmoja wa taarifa muhimu usiozidi kurasa sita za A4. Usidharau ufupi wake. Kuandika kurasa sita zisizo na neno la uongo wala la kuficha ni kazi ngumu kuliko kuandika hamsini, na anayetia saini anawajibika kwa kila sentensi.

Kwa hiyo fungua faili la uthibitisho. Kila dai lililoko kwenye ukurasa liwe na karatasi nyuma yake: "tuna wateja 400" iwe na orodha ya ankara, "betri inadumu saa kumi" iwe na ripoti ya kipimo, "tuna mkataba na kiwanda" iwe na mkataba uliosainiwa, kwani barua pepe ya mazungumzo haitoshi. Dai lisilo na karatasi lifute.

Thamani ya kampuni ndiyo penye mvutano. Ukisema kampuni ina thamani ya dola 800,000 kabla ya fedha mpya, na ukachangisha 200,000, thamani inakuwa 1,000,000 na wawekezaji wapya wanashika asilimia 20. Kuna wanaoikuza thamani ili watoe asilimia ndogo. Hilo linawarudia kwenye raundi inayofuata ya kuchangisha mtaji, mwekezaji mzoefu anapokataa thamani hiyo na hisa kuuzwa kwa bei ya chini kuliko waliyolipa wachangiaji wa kwanza. Watu mia tatu walionunua kwa bei ya juu ndio haohao waliokuwa wateja na watangazaji wako.

Kuna pia mikataba inayoahirisha suala la thamani: mchangiaji anatoa fedha sasa, zitageuka hisa mwekezaji mkubwa atakapokuja, kwa punguzo au kwa kikomo cha thamani kilichokubaliwa. Ni njia nyepesi kwa mwenye biashara. Lakini raundi hiyo isipotokea, mchangiaji anaweza kukaa miaka bila hisa wala fedha. Andika hilo kwa maneno ya kawaida mahali panaposomeka, pamoja na tarehe ya mwisho na litakalotokea ikifika.

## Hesabu ya lengo, kwa tarakimu

Chukua bidhaa inayouzwa dola 50 kwenye kampeni, usafirishaji ukiwa ndani ya bei. Kiwanda kinataka 20 kwa kipande. Kisanduku na kufungasha, 2. Kutuma, 9. Vipande vibovu na vinavyopotea njiani, tenga 1. Ada ya jukwaa ni asilimia 5 na ya malipo ni takriban asilimia 3, jumla dola 4. Zinabaki 14.

Hizo 14 zinalipia gharama zisizobadilika: kalibu ya kuundia sehemu za plastiki 12,000, vipimo vya usalama 4,000, video na matangazo 3,000, mwanasheria na mhasibu 2,000. Jumla ni 21,000. Gawa kwa 14, unapata wanunuzi 1,500, yaani mauzo ya dola 75,000, ili usipate hasara wala faida.

Sasa acha kila kitu kilivyo, ila gharama ya kutuma ipande kutoka 9 hadi 14. Kinachobaki kwa kipande ni 9, na unahitaji wanunuzi 2,334. Kama kampeni ilishafungwa na watu 1,500, una 13,500 za kulipia 21,000. Pengo la dola 7,500 limezaliwa na dola tano za usafirishaji.

Kodi bado haijaingia. Kama bei ya 50 imejumuisha VAT ya asilimia 18, dola 7.63 si zako, na hiyo ni zaidi ya nusu ya zile 14. Inabaki 6.37, na lengo linaruka hadi wanunuzi karibu 3,300. Nchi nyingi huhesabu VAT inadaiwa malipo yanapopokelewa, hata kama bidhaa itatoka mwakani. Mwulize mhasibu swali hili kwa maandishi kabla ya kutangaza bei.

Linganisha pia lengo na kiwango cha chini cha kiwanda. Lengo la vipande 1,500 halina maana kama kiwanda hakitengenezi chini ya 2,000. Zile 500 za ziada utazilipia wewe. Na kama unapokea sarafu moja na kulipa kiwanda kwa nyingine, tenga akiba ya mabadiliko ya thamani.

Baada ya hapo utajaribiwa kuweka lengo dogo ili ukurasa uonekane umefaulu mapema. Usifanye hivyo. Kwenye jukwaa ambalo fedha hutoka lengo likifikiwa tu, lengo ndilo linalokulinda usilazimike kutengeneza bidhaa kwa fedha zisizotosha. Kwa sababu hiyohiyo tunaonya kuhusu majukwaa yanayokuachia chochote ulichopata: ukipata robo ya lengo, umebeba ahadi zote na robo ya uwezo.

## Ulinde ubunifu wako kabla haujaonekana

Hili ni fupi lakini likikosewa halirekebishiki. Ofisi ya Ulaya ya Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, inadai uvumbuzi uwe mpya kabisa: ukiuonyesha hadharani kabla ya kuwasilisha ombi, haki imepotea, hata kama aliyeuonyesha ni wewe mwenyewe kwenye video ya kampeni. Marekani inampa mvumbuzi mwaka mmoja. Wasilisha ombi la hataza kwanza, sajili alama ya biashara, kisha piga picha. Wabunifu, waandishi wa programu na wapiga picha uliowakodi wasaini kuhamishia haki zao kwa kampuni. Bila saini hiyo, sehemu ya bidhaa yako inaweza kuwa mali ya mtu mwingine.

## Benki, malipo na fedha zinazosubiri

Ieleze benki yako mapema. Akaunti iliyozoea miamala michache kwa mwezi ikipokea ghafla malipo elfu moja kutoka nchi ishirini, mfumo wa kuzuia utakatishaji fedha unaweza kuisimamisha, na kuifungua huchukua wiki. Peleka barua yenye maelezo ya kampeni, kiasi kinachotarajiwa, jina la jukwaa, na vitambulisho vya wamiliki wote.

Kwenye uchangishaji wa hisa, fedha zinapaswa kukaa kwenye akaunti ya amana inayoshikwa na mtu wa tatu hadi masharti yatimie. Usikubali jukwaa linalopokea fedha za wawekezaji kwenye akaunti yake ya matumizi. Jua pia haki za kujitoa: Ulaya inampa mwekezaji wa kawaida siku nne za kutafakari, na Marekani inamruhusu kufuta ahadi yake hadi saa 48 kabla ya mwisho wa ofa. Kiasi unachokiona kwenye skrini si fedha ulizonazo.

Kwenye ununuzi wa mapema, baadhi ya kadi hukataa siku ya kutoza, na wanunuzi waliochoka kusubiri huweza kudai fedha kupitia benki zao miezi kadhaa baadaye. Msindikaji wa malipo naye anaweza kushikilia sehemu ya fedha kama kinga. Panga ratiba ya malipo ya kiwanda ukijua hivyo.

## Kampeni yenyewe

Kwenye Kickstarter karibu asilimia 40 ya miradi hufikia lengo, na takwimu zake zimeonyesha kuwa miradi inayovuka asilimia 20 ya lengo hufika mwisho karibu minne kati ya mitano. Siku za kwanza ndizo za kupigania, na zinaandaliwa miezi mitatu kabla. Kwa mfano wetu wa wanunuzi 1,500, ukitaka 450 watoke kwenye orodha yako ya barua pepe wiki ya kwanza, na ukikadiria mmoja kati ya ishirini atanunua, unahitaji anwani 9,000. Kama unazo 600, ahirisha tarehe. Jukwaa halileti umati kwa mtu aliyekuja peke yake.

Kickstarter inaruhusu kampeni ya hadi siku 60, nayo yenyewe inapendekeza 30 au chini ya hapo. Kampeni ndefu hulegea katikati.

Kwa hisa, matangazo yana masharti yake. Chini ya kanuni za Marekani unaweza kupima kama watu wanavutiwa kabla ya kuwasilisha nyaraka, bila kupokea fedha wala ahadi yenye nguvu kisheria. Ukishawasilisha, tangazo la nje ya jukwaa linalotaja masharti ya ofa, kama bei ya hisa au tarehe ya mwisho, linabanwa libaki na taarifa chache tu na kuelekeza watu kwenye jukwaa. Mfanyakazi anayeandika kwa furaha kwenye ukurasa wake binafsi "zimebaki siku tatu, hisa ni dola mbili, thamani itapanda mara kumi" ameshakuingiza matatani. Wape wote sentensi tatu zilizopitishwa na mwanasheria, na mtu mmoja tu wa kujibu maswali ya fedha.

Maswali yajibiwe hadharani kwenye jukwaa. Mwekezaji mmoja akipewa kwa siri taarifa ambayo wengine hawana, umeanzisha tatizo jipya.

## Fedha zimeingia

Hapa ndipo ahadi zinapopimwa. Utafiti wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliotolewa mwaka 2015, ulikuta kwamba asilimia 9 ya miradi iliyofaulu kuchangisha Kickstarter haikutoa ilichoahidi. Kuchelewa ni kwa kawaida zaidi kuliko kushindwa kabisa.

Mfano mkubwa ni Coolest Cooler, kisanduku cha kupozea vinywaji chenye mashine ya kusagia barafu. Mwaka 2014 kiliomba dola 50,000 kikapata zaidi ya milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000. Bei ya kampeni haikutosha kutengeneza na kutuma. Kampuni ikaanza kuuza bidhaa hiyo Amazon ili ipate fedha za kuwatengenezea waliolipa kwanza, kisha ikawaomba baadhi yao waongeze dola 97 wapelekewe haraka. Desemba 2019 ilifunga, na maelfu hawakupata kitu. Ukirudi kwenye hesabu yetu utaona kilichotokea: kipande kimoja kikileta hasara, umaarufu unaizidisha hasara hiyo mara elfu sitini. Weka kikomo cha idadi kwenye kila ngazi ya bei, na bei ya punguzo iwe kwa wachache wa mwanzo.

Ratiba ihesabiwe kuanzia siku fedha zinapofika, ambayo kwa Kickstarter ni takriban wiki mbili baada ya kufunga. Kutengeneza kalibu huchukua wiki sita hadi kumi na mbili, na kalibu ya kwanza karibu kila mara hurudishwa kurekebishwa. Bidhaa yenye betri ya lithiamu inahitaji ripoti ya UN 38.3, kipimo cha usalama wa betri wakati wa kusafirishwa, bila hiyo wasafirishaji wataikataa. Viwanda vya China hufungwa wiki kadhaa wakati wa mwaka mpya wao. Jumlisha yote, kisha ongeza theluthi moja kabla ya kutangaza tarehe.

Ushuru wa forodha ulibadilika sana. Umoja wa Ulaya uliondoa Julai 2021 msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo, na Marekani ilisitisha Agosti 2025 msamaha wa ushuru kwa vifurushi visivyozidi dola 800. Sema kwenye ukurasa nani analipa. Mnunuzi anayedaiwa ushuru mlangoni bila kutarajia atakikataa kifurushi, nawe utalipia kurudishwa kwake.

Toa taarifa kila mwezi kwa tarehe ileile, hata kama hakuna jipya. Ukichelewa, taja kilichokwama, nani anakishughulikia, na tarehe ya taarifa ijayo. Anwani na vitambulisho vya wachangiaji ni data binafsi inayolindwa na sheria. Hifadhi unavyohitaji tu, na msafirishaji apewe anwani peke yake.

## Kuishi na wanahisa mia tatu

Daftari la wanahisa ni kazi ya kila wiki. Watu huhama, hubadili namba za simu, hufariki, na warithi hudai. Kama kanuni zinaruhusu, chombo kimoja kishike hisa zao na kuwa na msemaji mmoja. Marekani inakubali hilo tangu 2021. Kabla ya kuuza hisa, weka kwenye katiba kifungu kwamba walio wengi wakikubali kuiuza kampuni, waliobaki watauza kwa masharti yaleyale. Bila kifungu hicho mtu mwenye hisa za dola 50 anaweza kukwamisha mauzo ya kampuni nzima kwa kutopatikana tu.

Waeleze mapema kwamba hisa za kampuni binafsi haziuziki kirahisi. Marekani inazuia kuziuza kwa mwaka wa kwanza, isipokuwa kwa hali chache, na inadai ripoti ya mwaka ndani ya siku 120 baada ya mwaka wa fedha kuisha.

Ikibidi kufunga, fuata mpangilio huu. Simamisha mauzo siku hiyohiyo, maana kuendelea kupokea fedha ukijua huwezi kutimiza ndiko kunakobadili kufilisika kuwa udanganyifu. Mwite mwanasheria wa ufilisi kabla ya kumlipa yeyote, kwa kuwa kumpendelea mdai mmoja kunaweza kubatilishwa. Kisha tangaza hesabu kamili: kilichoingia, kilichotumika na kwa nani, kilichobaki. Waliokopesha na waliolipia bidhaa husimama kama wadai, na wanahisa hulipwa baada ya wote hao. Kalibu, michoro na hataza zina thamani, na wakati mwingine kampuni nyingine hukubali kuzinunua pamoja na jukumu la kuwapelekea wanunuzi bidhaa zao, kwa hiyo tafuta mnunuzi huyo kabla hujaviuza kama vyuma chakavu.